Barua kwa Mjomba: Tarumbeta lililonuna Makambako

Wapwa zangu, Nane Nane imepita, vumbi la Uyole limetulia, na meza yangu imejaa barua. Mwezi huu karibu zote zinahusu shoo za jukwaani. Wengine mmefurahi, wengine mmelizwa. Nimechagua sita.

Wageni wa ukurasa huu wajue kwamba mimi si mwanamuziki. Gitaa nimewahi kulishika ili nilifute vumbi tu. Nilikuwa na meza ya kutengeneza redio pale Mwanjelwa kabla soko halijaungua mwaka 2006, na tangu ujana wangu kila bendi iliyopanda Mbeya, nikiwa na kiingilio nilikuwa ukumbini, nikiwa sina nilikuwa dirishani.

Jasho lake nililiona!

*Kamwene Mjomba. Mimi ni seremala hapa Mafinga. Mwezi uliopita nilipanda Costa hadi Iringa mjini kumwona msanii ninayempenda kuliko wote. Kiingilio elfu kumi, nauli, chakula, gesti juu. Tangazo lilisema saa mbili usiku, yeye kapanda jukwaani saa nane. Kaimba nyimbo tano, kaondoka. Rafiki yangu anasema hata hizo tano hakuimba, ziliwekwa kwenye CD yeye akawa anachezesha mdomo. Lakini Mjomba, jasho lake nililiona! Nimeibiwa au sikuibiwa?*

Kamwene, fundi. Jasho si ushahidi. Hata mimi nikipandisha gunia la viazi kwenye Noah natokwa jasho, na siimbi.

Siku nyingine itazame maiki, uso uachane nao. Mtu anayeimba kwelikweli, maiki ikisogea mbali na mdomo sauti inapungua hapo hapo. Akiruka, neno linakatika. Akikimbia kutoka upande huu wa jukwaa hadi ule, mstari unaofuata utausikia umepungukiwa pumzi. Halafu msikilize anapoongea. Akisema “Iringa mpooo?” hiyo ni sauti ya maiki, ina mkwaruzo na ina mate. Wimbo ukianza, kama sauti imegeuka ghafla ikawa laini, imeoshwa na kupigwa pasi, tena ina wenzake wawili wanaoitikia nyuma ambao huwaoni popote, basi rafiki yako kasema kweli.

Ila kuna daraja la katikati, na wengi wako hapo. Wanaweka wimbo wenye sauti yao wenyewe, wameipunguza kidogo, kisha wanaimba juu yake. Pumzi ikiisha, CD inambeba mpaka azipate tena. Hiyo mimi siiti wizi. Piga hesabu: bendi ya dansi kama Msondo, waliozaliwa NUTA Jazz mwaka 1964, au Sikinde ya mwaka 1978 (mimi ni mtu wa Sikinde, nisifiche) ni waimbaji, magitaa ya solo, rithimu na besi, dramu, tumba na wapuliza matarumbeta. Hao ni watu kumi na zaidi, na vyombo vyao vinataka gari la peke yake. Kutoka Dar hadi kwenu Iringa ni karibu kilomita 500, hadi kwangu Mbeya ni zaidi ya 800. Msanii wa Bongo Fleva anakuja na DJ, wachezaji wanne na flashi mfukoni. Ndiyo maana yeye unamwona kila mwaka, na bendi tunaziona kwa kubahatisha.

Kuchelewa ndiko nisikokusamehe. Saa sita nzima mtu anasimama kwenye baridi ya Iringa kwa sababu mwandaaji anangoja geti lijae! Mara nyingine usimwamini mtangazaji. Muulize mama anayeuza chai mlangoni. Yeye ndiye anayejua kama msanii ameshaingia hotelini au bado yuko Mikumi anatazama tembo.

Zile saa sita umeibiwa, fundi. Nyimbo tano bado tunazipeleleza.

Walilewa, au ni baridi?

*Shikamoo Mjomba. Nafundisha sekondari hapa Njombe na ninaongoza kwaya. Mwezi wa saba bendi moja ya dansi ilikuja kupiga hapa, nje kabisa, kwenye baridi ile unayoijua. Walianza vizuri. Baada ya kama saa moja kila kitu kikawa kimepinda, tarumbeta kwake, gitaa kwake. Mume wangu anasema walilewa. Mimi niliwaona ni wazima. Ni nini kiliwapata?*

Marahaba, mwalimu. Mwambie mkwe wangu awaombe radhi wale wanaume.

Mambo hayo niliyaona kwa macho Makambako, miaka ya tisini mwanzoni, mwezi huo huo wa saba. Bendi ilitoka Dar, jina naliweka kapuni. Walipiga kwenye ua wa baa moja, jukwaa ni mbao zilizopangwa juu ya kreti za bia, juu kuna bati mbili kwa ajili ya umande. Makambako upepo haukuombi ruhusa. Wale jamaa walikuja na mashati ya mikono mifupi ya kung'aa, sare ya Dar es Salaam, na mpaka wimbo wa tatu nusu yao walikuwa wameazima makoti ya wateja. Mwimbaji mmoja alivaa la askari mgambo.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mchoma mishikaki, kwa sababu mbili ambazo mwalimu unazielewa. Basi kila wimbo ukiisha, mpiga solo alikuwa anashuka mbio, anaweka vidole juu ya mkaa, anavigeuza huku na huku kama nyama, halafu anarudi. Mchoma mishikaki akamwambia, “Kaka, hivyo bado havijaiva.” Mpuliza tarumbeta yeye hakushuka. Alikuwa mzee wa makamo, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, na tarumbeta lake kila alipomaliza zamu alilirudisha ndani ya koti na kulifunika, kama kuku na kifaranga.

Ilipofika saa tano, matarumbeta yakaingia kwenye kiitikio na uwanja mzima ukageuza shingo. Gitaa lilikuwa juu, tarumbeta limenuna huko chini, na mpiga kinanda anawatazama wote wawili kama hakimu aliyeletewa kesi ya mipaka. Watu wakacheka. Mlevi mmoja akadai arudishiwe kiingilio, na alikuwa amepita dirishani.

Walipopumzika nilimfuata yule mzee nikamnunulia supu. Alinieleza jambo ambalo mtu kama mimi, niliyekuwa nachomelea redio kila siku, nilipaswa kulijua na sikuwahi kuliwaza. Walikuwa wameoanisha vyombo ndani, kwenye chumba kidogo chenye jiko la mkaa. Kisha wakatoka nje. Waya wa gitaa ni chuma, na chuma kikipoa kinasinyaa. Waya umeshafungwa huku na huku, hauna pa kwenda, kwa hiyo unakaza, na ukikaza noti inapanda. Tarumbeta nalo hukumu yake ni nyingine. Kinacholia ndani ya tarumbeta ni hewa, na sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa ya baridi, takribani mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, na kama mita 336 kwenye nyuzijoto 8. Mrija ni ule ule, hewa imekuwa nzito wa miguu, basi noti inashuka. Kinanda cha umeme hakijui Makambako wala Magomeni, kimebaki pale pale. Ndiyo ukawa na nyumba moja yenye wazee watatu.

Nikamuuliza dawa. Akachomoa lile tarumbeta kwapani, akanionyesha kale kabomba kanakoteleza: ukikasukuma ndani, mrija unakuwa mfupi, noti inapanda. Mpiga gitaa naye analegeza kidogo. “Lakini,” akasema, “nikisukuma sasa hivi, nikishapuliza nyimbo mbili limepata joto la pumzi yangu, limeshapita tena kule juu.” Kwa hiyo usiku kucha anasukuma na kuvuta, na yule wa solo anakaza na kulegeza. Ndiyo kazi uliyoiona Njombe, mwalimu. Walikuwa wazima kuliko sisi sote, maana mlevi angeacha tu vijilie vinavyotaka.

Kwaya yako haikumbwi na balaa hili sana kwa sababu watu mnasikilizana. Mkishuka, mnashuka pamoja, na asiye na kinanda hagundui. Wazee wetu wa ngoma walikuwa na dawa yao pia, mmeiona: ngozi ikinyonya umande inalegea na kulia kama mto wa kulalia, basi unawashwa moto wa nyasi, ngoma inaota kwanza kabla ya watu.

Waliporudi jukwaani Makambako mambo yalikuwa yamenyooka kwa karibu nusu saa. Nusu saa ile bado ninayo.

Shoo ya bure kitandani

*Mjomba, naishi Isyesye. Shoo ikiwa upande wa mjini, mchana wakijaribu vyombo sisikii kitu. Ikifika saa sita usiku besi inagonga dirishani kwangu na maneno mengine nayashika kabisa. Wanaongeza sauti usiku?*

Huenda wanaongeza, mimi siwatetei. Lakini hata wasipoongeza utaisikia. Mchana jua linachemsha ardhi, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto, kwa hiyo miguu ya wimbi inatangulia kichwa, na wimbi linapinda kwenda mawinguni. Usiku mambo yanageuka. Ardhi ya Mbeya inapoa upesi, ubaridi unalala chini, hewa ya juu inabaki na joto kidogo. Sasa kichwa kinatangulia miguu, wimbi linainama na kurudi chini, kwako. Na usiku hakuna bajaji wala mashine za kusaga za kulizima.

Besi inafika kwanza kwenye malalamiko yako kwa sababu sauti nyembamba zinachakaa njiani, hewa inazila. Nene zinavumilia safari.

Umepata shoo bure, tena umelala. Mimi ningenyamaza.

Masikio yanalia “nziiii”

*Shikamoo Mjomba. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya. Nilienda shoo yangu ya kwanza, nikapigania mpaka mbele kabisa, pembeni ya spika. Nilifurahi sana. Sasa ni siku ya pili masikio yanalia “nziiii”. Marafiki wanasema ndiyo raha ya shoo. Je, nitapona? Na wapi pa kusimama?*

Marahaba, binti yangu. Marafiki zako wanasema uongo, tena uongo wa gharama.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikipigwa sana vinalala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Vingine vinainuka. Vilivyokufa havioti tena, hiyo haina mjadala. Watu wa afya ya kazini wanahesabu hivi: kelele ya desibeli 85 sikio linaivumilia saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Teremka nayo hivyo hivyo, ukifika 100, na shoo inafika 100 bila kutoa jasho, umebakiwa na dakika kama 15. Wewe ulikaa usiku mzima, tena umeegemea spika.

Mlio mara nyingi huisha wenyewe ndani ya siku moja au mbili. Wako umeshafika ya pili. Usipokwisha kesho, nenda hospitali ukaonwe na wa masikio, na wala usiweke mafuta ya kitunguu. Sikio langu la kushoto mimi halisikii chenji ikianguka, na najua ni ukumbi gani ulinila.

Kuhusu pa kusimama, mtafute mtu wa mitambo, yule mwenye meza yenye vitufe mia, mara nyingi yuko katikati, mbali kidogo na jukwaa. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, hivyo shoo inayosikika vizuri kuliko zote iko pale alipo. Simama mbele yake hatua chache. Usirudi nyuma sana, maana ukikaa mita 100 mbali utamwona mpiga dramu anapiga na mlio unakufikia karibu theluthi ya sekunde baadaye, utadhani kuna dramu mbili. Pale Uwanja wa Sokoine nimewahi kukaa majukwaani upande wa mbali nikaona makofi yanatembea: wa mbele wanapiga, wa kati wanafuata, sisi wa mwisho tunamalizia, na kila mtu anaamini yeye ndiye anayekwenda na mdundo.

Duka la dawa waulize viziba masikio vya sponji. Wimbo bado utausikia. Pamba na tishu ni kujidanganya.

Mchumba na simu

*Mjomba, mchumba wangu akija kwenye shoo anarekodi kwa simu mwanzo mpaka mwisho, mkono juu. Mimi nimebaki nashika pochi. Nimwambieje? Wako, Vwawa.*

Usimwambie kitu. Kesho yake mwombe muitazame pamoja ile video, yote, kwa sauti. Maiki ya simu ni ndogo kuliko punje ya mtama, besi ya shoo inaizamisha, kinachobaki ni mkwaruzo kama bati linaloburutwa, na juu yake sauti ya mtu asiyemjua anayeimba vibaya kwa nguvu. Kama ataimaliza bila kupeleka mbele, huyo ni mvumilivu, olewa naye.

Bibi anataka kwenda

*Ugonile, mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 66, nakaa Tukuyu, nina migomba na ng'ombe wawili. Mjukuu wangu wa kiume anataka tushuke wote Mbeya kwenye shoo ya hawa vijana wa sasa. Nyimbo zao nazijua, zinapigwa humu ndani kutwa. Majirani wananicheka. Mimi mara ya mwisho kwenda dansi nilikuwa sijaolewa. Niende?*

Ugonile, mama, na shikamoo. Nenda. Majirani wako wanaishi kwenye mkoa ambao mji wake mkuu ulimpeleka mwanarap bungeni mara mbili, Sugu, mwaka 2010 na mwaka 2015. Watacheka mpaka lini?

Na nikuambie kwa nini. Baba yangu alikuwa na kanda za mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, na mimi nilizisikiliza mpaka utepe ukaisha rangi. Sikuwahi kumwona. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, mimi nikiwa darasa la nne. Baba yeye alimwona akipiga Morogoro, akiwa kibarua huko. Nilikuwa namsumbua: baba, alipigaje? Alivaaje? Aliimba upi kwanza? Baba hakukumbuka hata kimoja. Alichokuwa anasimulia miaka yote ni kiatu chake cha kulia kilivyokanyagwa kikavuka, akacheza mpaka alfajiri na soksi, na njiani kurudi mtu asiyemfahamu akampa ndala moja. Ya kushoto. Aliivaa hivyo hivyo. Mpaka anafariki alikuwa akisikia gitaa lile redioni anautazama mguu wake.

Kwa hiyo viatu vya kufunga kamba, mama. Sweta mbili na kitenge kizito, maana ninyi wa Tukuyu mmezoea mvua, ila baridi ya Mbeya saa saba usiku ni kavu, inaingia kwenye magoti. Kula kabla. Chooni nenda mapema, saa mbili hivi, kabla foleni haijawa ndefu kuliko ya getini. Kama pana viti vya kulipia, mjukuu akulipie, asijifanye hajui. Nauli ya bajaji ifunge kwenye pindo la kitenge, usiiweke kwenye pochi, na msijaribu kurudi Tukuyu usiku ule. Laleni kwa ndugu.

Wakianza wimbo unaoujua, simama. Mjukuu atakuvuta mkono kwa aibu. Usikae. Na ukirudi niandikie, nina ubao wa meza unaosubiri barua hiyo. Ndaga fijo.